Kuziokoa kaseti zako za Ocean kabla utepe haujafa

Chini kabisa ya karatasi ya kaseti ya Match Day, gemu la mpira la kampuni ya Ocean, kwa herufi za kukodolea macho, paliandikwa anwani: Ocean House, 6 Central Street, Manchester. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumehamia Manchester kutoka Mombasa mwaka mmoja tu kabla yake, baba akifanya kazi kiwandani Trafford Park, na mimi nilidhani magemu yanatoka mahali pa mbali sana, Marekani au Japani huko. Kaka yangu akaisoma ile anwani mara mbili, akanitazama. "Hapa ni mjini," akasema. "Ni nyuma ya maktaba kubwa."

Jumamosi iliyofuata tukapanda basi. Tukazunguka nyuma ya Central Library, tukapita jumba la mikutano la Waquaker, na pale nyuma yake tukaupata mlango. Tulisimama upande wa pili wa barabara kama nusu saa, mifuko yetu ina nauli ya kurudia tu. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba waandishi wa programu walikuwa wakifanya kazi chini kwenye handaki la jengo lile, kwa hiyo siku ile huenda walikuwa chini ya miguu yetu tukiwa tunatazama madirisha ya juu.

Ninaandika haya kwa yeyote aliyebaki na kaseti za Ocean kwenye kisanduku cha viatu, iwe ni zake au za mzazi wake aliyeishi Uingereza miaka ile. Nitakuonyesha jinsi ya kuzisoma tena, kuzihifadhi kwenye kompyuta, na kuzifanya zipakie kwenye Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini iliyosoma magemu kutoka kwenye kaseti. Magemu yenyewe yamekwisha kuhifadhiwa na watu wengine, na ukitaka kucheza Head Over Heels leo huhitaji kaseti. Lakini kaseti yako wewe, yenye mwandiko wako na chochote kilichorekodiwa juu yake au mwishoni mwake, haiko kwa mtu mwingine yeyote duniani. Hiyo ndiyo ya kuokoa. Usiingoje mwaka mwingine.

Mashine ya kuchezeshea

Anza na mashine nzuri. Redio kaseti kuukuu ya miaka ya themanini iliyotunzwa ni bora kuliko vile vinasa vipya vya bei rahisi vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Vile vipya mwendo wake hupanda na kushuka, na kwa muziki unaweza kuvumilia, lakini data ya kompyuta haivumilii. Mimi natumia dekki ya kawaida ya sebuleni niliyoipata kwenye duka la vitu vya mitumba, ikatoka na vumbi lake na waya zake.

Ifungue kabla hujaiamini. Ndani kuna mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, na mpira wa miaka 40 ama umelegea ama umegeuka kuwa kitu kama lami. Ukiugusa ukakuachia weusi kidoleni, ubadilishe, usijaribu kuuosha. Kisha chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti ya isopropili, usugue kichwa cha kusomea na kile kipini chembamba cha chuma kinachovuta utepe. Pamba ya kwanza itatoka na rangi ya kahawia kama umeipitisha kwenye kikombe cha chai. Endelea mpaka itoke nyeupe. Kile kigurudumu cha mpira kinachokandamiza utepe mimi hukisafisha kwa maji na tone la sabuni, kisha nakikausha vizuri, kwa sababu spiriti hukausha mpira.

Kama dekki yako ina kitufe cha Dolby, kizime. Dolby ilitengenezwa kupunguza mvumo kwenye muziki, na huo "mvumo" inaoupunguza ndio sauti za juu ambazo Spectrum inazihitaji.

Kaseti yenyewe

Iangalie kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, huo ni ukungu, na kaseti hiyo usiiweke kwenye mashine uliyokwisha kuisafisha. Itaambukiza nyingine zote. Iweke kando, ishughulikie peke yake siku nyingine. Kwa ndugu zetu wa pwani hili ni jambo zito zaidi. Kaseti alizorudi nazo kaka yangu Mombasa zilipata ukungu baada ya masika mawili, wakati zangu hapa kwenye kabati kavu ziko salama.

Tazama pia kile kipande kidogo cha sponji katikati, nyuma ya utepe, kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Gundi yake hukauka, nacho huanguka. Kaseti isiyo na sponji hutoa sauti hafifu inayokuja na kupotea, na watu wengi huitupa wakidhani utepe umekufa. Haujafa. Unahitaji kuvuliwa ganda lake na kuvishwa jingine tu.

Kaseti zenye skrubu tano ni rahisi: fungua, hamisha, funga. Zile zilizogundishwa ndizo zinazotoa jasho. Ya kwanza niliyoipasua ilikuwa Batman ya mwaka 1986. Nilikaa mezani jikoni, nikatandaza taulo jeupe, nikaingiza kisu chembamba kwenye mshono wa upande wa chini, nikakizungusha polepole mpaka nikasikia "tak". Nikakaa kimya kama dakika nzima, nikiogopa kuinua. Nilipoinua nusu ya juu, magurudumu mawili ya utepe yalikuwa yamelala pale kama sahani mbili za kahawia, hayana kasoro. Kwa hiyo usiogope, ila mambo mawili uyazingatie: kaseti ilale bapa muda wote, na kabla ya kuinua chochote piga picha kwa simu ujue utepe unapita wapi na viroli viko wapi. Hamishia yote kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Ganda la zamani na lebo yake usilitupe.

Kabla ya kusikiliza, peleka utepe mbele mpaka mwisho, kisha urudishe mpaka mwanzo. Utepe uliokaa miaka 30 bila kuguswa hushikana tabaka kwa tabaka, na mzunguko huo huuachanisha. Kama ni mzito, usiilazimishe mashine. Chukua penseli yenye pembe, itie kwenye tundu la gurudumu, uzungushe kwa mkono kama tulivyofanya utotoni.

Skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa

Hapa ndipo kaseti nyingi hupona au kushindikana, kwa hiyo vumilia nieleze kinachotokea.

Spectrum huandika data kwa sauti. Biti ya sifuri ni wimbi fupi, kama 2,000 Hz, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde. Biti ya moja ni wimbi refu mara mbili yake, kama 1,000 Hz. Kompyuta haifanyi jambo la ajabu: inapima tu muda kati ya mpindo mmoja wa sauti na mwingine, ikiona mfupi inaandika sifuri, ikiona mrefu inaandika moja. Biti kama 1,500 kwa sekunde, ndiyo maana gemu la kujaza kumbukumbu yote ya mashine lilichukua dakika nne hadi tano, ukaweza kwenda kunywa maji ukarudi.

Sasa, kichwa cha kusomea kinatakiwa kisimame wima kabisa mbele ya utepe, kwa pembe ileile ya mashine iliyorekodi. Kikiinama hata kidogo, sauti za juu ndizo zinazofifia kwanza. Maana yake sifuri zinaanza kupotea wakati moja zinasikika vizuri, na skrini inakuletea R Tape loading error, yaani kompyuta imeshindwa kuusoma utepe.

Kwa Ocean tatizo huwa kubwa zaidi, na nawapenda hata kwa hilo. Magemu yao mengi ya Spectrum, kuanzia na yale ya wakati wa Daley Thompson's Decathlon ya 1984, yalitumia ulinzi unaoitwa Speedlock, wa kuzuia kunakiliwa na kuharakisha upakiaji. Mawimbi yake yalibanwa yakawa mafupi zaidi. Ukisikiliza utautambua mara moja: badala ya mlio mmoja mrefu ulionyooka, mlio wenyewe unakatikakatika, kama mtu anayegonga meza kwa kidole huku akiimba. Mawimbi mafupi yanamaanisha sauti za juu zaidi, na sauti za juu zaidi zinamaanisha kichwa kikipinda kidogo tu umeukosa. Kaseti ya kampuni nyingine inaweza kupakia kwenye mashine iliyopinda. Ya Ocean itagoma.

Kwa hiyo tafuta skrubu yenye springi, upande mmoja wa kichwa. Kwenye vinasa vingi kuna tundu juu ya mlango wa kaseti linalokuwezesha kuifikia kwa bisibisi ndogo huku kaseti inacheza. Kabla hujaigeuza, iwekee alama ya kalamu ujue ilikuwa wapi. Chezesha kaseti, vaa hedifoni, na wakati mlio unaendelea igeuze robo ya mzunguko huku, robo kule, taratibu. Utasikia mlio unakuwa mzito kama umefunikwa blanketi, halafu unafunguka, unakuwa mkali, halafu unafunikwa tena. Simama pale ulipokuwa mkali kuliko kote. Sikio lako linajua, liamini. Na ujue kila kaseti inaweza kutaka pembe yake, kwa sababu kila moja ilirekodiwa na mashine yake. Mimi huigeuza upya kwa kila kaseti, sioni taabu.

Kunasa sauti kwenye kompyuta

Toa waya kwenye tundu la kutolea sauti la dekki, uingize kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Programu ya bure ya Audacity inatosha kabisa. Weka 44,100 Hz, biti 16, na uhifadhi kama WAV. Kwa kasi hiyo kila nusu ya wimbi la sifuri inapata vipimo kama kumi, ambavyo vinatosha kulitambua. Usihifadhi kama MP3: MP3 hutupa sauti ambazo sikio la mtu halizihitaji, na Spectrum si sikio la mtu.

Kiwango cha sauti kiwe cha kati, vilele vifike kama nusu ya dirisha. Ukiona mawimbi yamekatwa vichwa juu na chini, punguza. Usitumie kusafisha kelele, usitumie chochote cha kupendezesha. Nasa upande mzima wa kaseti kuanzia ukimya wa mwanzo hadi utepe unapogota.

Kama dekki yako ni ya stirio, kuna mtego. Gemu lilirekodiwa mono, na dekki inalisoma kwa macho mawili, kushoto na kulia. Ukiiambia Audacity ichanganye njia hizo mbili kuwa moja, na kichwa kimepinda kidogo, sauti za juu za kushoto na za kulia hufutana. Nasa stirio, kisha tenganisha, uchukue upande mmoja ulio safi zaidi. Kwangu mimi mara nyingi ni wa kushoto. Nilipoteza wiki mbili nzima za jioni kabla ya kuligundua hili.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Chagua sekunde moja au mbili za ule mlio wa mwanzo kabisa, ulionyooka, halafu fungua kwenye Audacity mchoro wa masafa ya sauti. Kilele kinatakiwa kiwe karibu na 807 Hz. Ukikuta 780, mashine yako inakwenda polepole, na ukikuta 840 inakimbia. Mlio ule uliandikwa na mashine ya kiwandani miaka 40 iliyopita, na bado unaweza kukuambia kama mkanda wa mpira wa dekki yako umelegea.

Kupakia

Kama unayo Spectrum halisi, mtihani mzuri ni kuichezeshea ile WAV kutoka kwenye kompyuta, waya ukiingia kwenye tundu la EAR, sauti karibu na juu kabisa. Bonyeza J, neno LOAD litatokea lenyewe. Shikilia Symbol Shift ubonyeze P mara mbili upate alama za kunukuu. ENTER. Sasa chezesha.

Vidole vyangu vilijua kazi hii kabla ya akili. Sikuwa nimegusa kibodi ile ya mpira kwa miaka zaidi ya 20, lakini J, P, P, ENTER zilitoka zenyewe kama mtu anayeandika jina lake.

Pembezoni mwa skrini itaonekana mistari minene ya nyekundu na samawati ikitambaa: huo ni mlio wa mwanzo, Spectrum imeusikia. Kwa kupepesa kunatokea mistari myembamba ya bluu na njano, yaani data, na jina la programu linaandikwa. Kama mistari ya nyekundu inatetemeka au inarukaruka, rudi kwenye skrubu. Kama imetulia, kaa chini.

Kisha picha. Picha ya Spectrum ni baiti 6,912, na kwenye upakiaji wa kawaida haiji kutoka juu kwenda chini. Skrini imegawanywa mafungu matatu, na katika kila fungu mistari inakuja kwa kurukaruka, mmoja hapa mwingine nane chini yake, kwa hiyo kwanza unaona kama mapazia ya dirisha, kisha mapengo yanajazwa, yote kwa nyeusi na nyeupe. Halafu, baada ya sura kukamilika, baiti 768 za mwisho zinaingia, na rangi inamwagika kutoka juu hadi chini kwa muda wa kama sekunde nne. Kaka yangu alikuwa akiuzuia mkono wangu nisiguse chochote wakati ule. "Ngoja rangi," alikuwa akisema. Mpaka leo nikiona rangi zinashuka nasikia mkono wake juu ya wangu.

Kama huna Spectrum, tumia programu ya kuigiza. Fuse ni ya bure na inatosha. Inaweza kufungua WAV, lakini faili ndogo na safi zaidi ni TZX, na pamoja na Fuse kuna zana inayoitwa audio2tape ya kugeuza WAV kuwa TZX. Usichague TAP kwa magemu haya: TAP huhifadhi mafungu ya kawaida tu, na Speedlock si ya kawaida. Zima mbinu zote za kuharakisha upakiaji kwa mara ya kwanza. Gemu likigoma, rudi kwenye Audacity, lipindue wimbi juu chini kwa amri ya kugeuza, ujaribu tena; mara chache hilo pekee ndilo lililokuwa likikosekana. Na hata likipakia, WAV ya asili usiifute kamwe. Zana za kugeuza zinaboreka kila mwaka, utepe wako hauboreki.

Kwa wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani ya wakati ule, njia ni ileile kwa sehemu kubwa, ingawa faili zake ni nyingine na kinasa chake kilikuwa na waya wake maalumu. Binamu yetu wa Birmingham alikuwa nayo, na wivu niliomwonea haukuwa wa magemu. Ulikuwa wa kupakia. Spectrum ilipiga kelele za mbu dakika tano. Commodore, kwenye kaseti za Ocean, ilikupigia muziki. Martin Galway aliutunga ule wa kwanza na wa pili, Peter Clarke na Jonathan Dunn wakafuata, sauti tatu tu za chipu ya muziki ya SID, na wewe unatazama picha. Tulikuwa tukimwomba binamu azime mashine aanze kupakia upya ili tuusikie. Ukinasa kaseti za Commodore, ujue muziki ule haumo kwenye utepe kama sauti. Umo kama maelekezo, na mashine huupiga yenyewe. Watu hushtuka wakisikiliza WAV wakakuta makelele.

Kuhifadhi

Changanua karatasi ya ndani kwa 600 dpi, mbele na nyuma. Michoro mingi ya majalada ya Ocean ni kazi ya Bob Wakelin, na pale kwenye karatasi ya upana wa kiganja ndipo wengi wetu tulipoiona mara ya kwanza sanaa ya mkono wake. Changanua pia bei ikiwa kibandiko bado kipo. Yangu ya Head Over Heels inasema £7.95, na nakumbuka jinsi mimi na kaka tulivyokusanya wiki hadi wiki. Baadaye Ocean walileta magemu yao ya zamani kwa bei ndogo, £2.99, kwa jina la The Hit Squad, na hapo ndipo sisi tulipopata nafasi ya kuwa na kaseti zaidi ya tano.

Rudisha utepe mpaka mwanzo, simamisha kaseti wima kama kitabu, mbali na spika na jua. Ukiwa Mombasa, Unguja au Muscat, zitie kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na ukishaipata mkononi kazi hii, usiishie kwenye magemu. Kaseti za taarabu za shangazi, za harusi, za mawaidha, za barua za sauti zilizokuwa zikitumwa kutoka Uarabuni, zote zinaokolewa kwa pamba ileile na skrubu ileile.

Ile ya mwisho kwenye kisanduku

Mwaka 1987 rafiki wa shule alituazima Head Over Heels kwa siku mbili. Jon Ritman aliliandika, Bernie Drummond akachora, na mpaka leo sijaona gemu lililoelewa undugu namna ile: Kichwa (Head) anaruka juu lakini ni mzito wa mwendo, Miguu (Heels) anakimbia lakini haruki juu kama mwenzake, wametenganishwa, na lazima uwatembeze mmoja mmoja mpaka wakutane, ndipo mmoja ampande mwenzake mabegani waende pamoja. Mimi na kaka tuligawana. Yeye Miguu.

Jumatatu ilikuwa irudi kwa mwenyewe. Hatukuwa na waya wa kunakili, kwa hiyo tuliweka redio mbili uso kwa uso juu ya kitanda, moja ikichezesha, nyingine ikirekodi kwa maikrofoni yake kwenye kaseti tupu, tukafunga mlango, tukatoka kwa vidole.

Nakala hiyo haikupakia hata siku moja. Ilikuwa ya mwisho niliyoitoa kisandukuni, na niliifanyia kila nililokueleza hapa: pamba, penseli, pembe ya kichwa. Mlio ulipima 807 barabara. Nikaichezesha kwenye Spectrum. Nyekundu na samawati, bluu na njano, jina likatokea. Halafu, sekunde ya kumi na tisa, ngazini, sauti ya mama: "Teremkani mule! Mahamri yapowa!" Mistari ikayumba. R Tape loading error.

Nimejaribu tena mara nyingi, na kila mara mashine hufika pale pale ikasimama.

Kwa kaseti ya namna hii utaratibu wangu ni mmoja. Nasa yote kwa stirio, usitenganishe, usipandishe wala usishushe kitu. Tengeneza nakala tatu mahali patatu. Moja nilimtumia kaka, Mombasa. Alinipigia simu usiku huohuo, mama ana miaka kumi na tano kaburini, akaniuliza kama nimesikia kifuniko cha sufuria baada ya neno "mule". Nilikuwa sijakisikia. Nikaenda nikavaa hedifoni. Kipo.

Kaseti yenyewe nimeivunja vile vijino viwili vya plastiki ukingoni, isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya, na kwenye lebo nimeandika kwa wino: 1987, Head Over Heels, sekunde ya 19.